Lenzi Tatu na Bibi Mmoja

Mpiga picha wetu wa Kasongo ana lenzi tatu, na anazilea kuliko watoto wake. Huzilaza ndani ya kopo la mchele mkavu zisije zikaota ukungu, mchele ambao nyumbani kwake hakuna anayethubutu kuupika. Mvua ikimkuta njiani, koti huvalishwa kamera, yeye hulowa. Vumbi hulipuliza kwa ule mpira wa kubinya ambao mama zetu huutumia kuwasafishia watoto tumbo.

Mwezi uliopita jirani yetu Emilienne alimpandisha pikipiki hadi Kabambare kwa bibi yake mzee, ampige picha ya kwanza maishani. Bibi akakaa wima ndani ya kitenge kipya. Bwana mpiga picha akapuliza lenzi ya kwanza, akafuta ya pili, akarudia ya kwanza. "Ngoja kwanza, bibi, hii iko na vumbi." "Mutoto, hata mimi niko na vumbi. Piga tu!" Bibi akajichekea mwenyewe. Kamera ilipoinuliwa, alikuwa amesinzia.

Juzi, kwenye matanga ya bibi, picha iliyosimama mezani ilitoka kwenye simu ya Emilienne iliyopasuka kioo: bibi anacheka, meno yote mawili nje. Bwana akaiinamia, akapangusa fremu kwa kitambaa chake laini, kisha akamnong'oneza Emilienne: "Ulitumikisha lenzi gani?"