Maji ya Nchi Yetu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya sindano ya kipindupindu, zahanati ya Ibra, Oman. Bwana afya alitukataza kunywa maji ya falaji, mfereji wetu wa kale, bila kuyachemsha. Mbele yangu palisimama kijana aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Akacheka.

"Falaji hii waliichimba babu zetu. Maradhi wameyaleta wageni. Maji ya Oman hayamdhuru Mwomani."

"Wallahi kweli," wakaitikia wenzake. Mmoja akatoka, akarudi na kikombe kimejaa maji ya falaji. "Basi yanywe hapa, watu waone."

Akakipokea. Kikombe kilipokaribia mdomo, mama yake, aliyekaa chini karibu na ukuta, akasema taratibu kwa Kiswahili cha Unguja:

"Mwanangu, Oman ina vijana wengi. Mimi nina wewe tu."

Kijana akatoka na kikombe. Akayamwaga maji polepole kwenye shina la mtende, kama asiyetaka kuyavunjia heshima. Akarudi kwenye foleni, akakunja mkono wa kanzu.

Nami naipenda nchi hii. Maji yake nayachemsha dakika kumi, macho kwenye saa.