Tangi Kuukuu la Pijo la Baba

Harufu ya petroli ikinifikia puani, mpaka leo, mwili hujua kabla akili haijajua ni kwa nini. Huwa nipo kituo cha mafuta kama watu wengine, kioo nimeshusha, kijana anachomeka bomba, na ghafla najikuta nimeikamata breki ya mkono. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au ya mvua ya kwanza. Mimi yangu ni petroli, na ngoja nikusimulie sababu, maana nyumbani kwetu sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mabatini, pale Mwanza, kwenye nyumba ya kupanga iliyokaa mteremkoni, mawe makubwa yametuzunguka utadhani yenyewe ndiyo yenye hati ya kiwanja, si sisi. Baba alikuwa Mhaya, mwalimu wa hesabu sekondari. Mama alikuwa Msukuma wa Bujora, muuguzi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, ambapo kila mtumishi alikuwa na mradi wake wa pembeni: huyu anafuga kuku wa kisasa sebuleni, mke wa yule anauza mitumba barazani. Mradi wa baba ulikuwa Pijo la rangi ya krimu, lenye umri unaonizidi, alilolifanya teksi jioni na siku za mapumziko.

Ugonjwa wa Pijo lile ulikuwa tangi la mafuta. Kutu ilikuwa imelitafuna chini, likawa linavuja tone kwa tone. Baba alikuwa akiziba tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule tulimkuta amechuchumaa nyuma ya gari, anapaka sabuni kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya kidonda. Hatimaye sabuni ikakataa kushika. Na Jumamosi ile baba alikuwa amemwahidi mwalimu mwenzake kumpelekea binti yake kanisani Buswelu, akiwa bibi harusi, ndani ya Pijo hilo hilo.

Fundi Masanja, rafiki yake, akapata tangi kwenye skrepa, limetolewa kwenye Pijo lililokufa zamani. Waliliosha siku nzima. Walitia maji, sabuni ya unga na kokoto ndani, kisha wakalitikisa wamelishika huku na huku, likalia kwa mlio uliowaleta watoto wa mtaa mzima mlangoni kwetu. Yale maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Walipolianika juu ya jiwe, baba aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hili limezeeka, lakini halijaoza."

Ijumaa mchana wakalifungua lile bovu. Mafuta yaliyobaki wakayakinga kwenye beseni, wakaliacha pembeni ya gari. Pijo lilikuwa uani, pua imeelekea bondeni. Kwa kuwa halikuweza kuwaka, walikuwa wamelisukuma kwa mikono, gia ikiwa huru, na kilicholizuia lisiteremke kilikuwa breki ya mkono peke yake. Upande mmoja wa nyuma waliunyanyua kwa jeki. Masanja akataka magogo mawili ya kuliegemeza, ikabidi ayafuate kwake.

"Mwalimu," alisema akiondoka, "usiingie chini mpaka nirudi. Hii jeki siiamini."

"Nenda, ndugu yangu. Nakusubiri."

Hakusubiri. Jua lilikuwa linashuka, kesho ilikuwa harusi, na mama alikuwa zamu hospitalini, hivyo hapakuwa na wa kumkataza. Alivua shati, akatandika gunia, akaingia mgongo chini kutokea nyuma, akalivuta lile tangi la skrepa mpaka ubavuni mwake, likasimama kwa upande. Nikasikia spana ikianza kugonga.

Mimi nilikuwa ndani ya gari. Baba alidhani niko barazani nafanya hesabu alizonipa. Nilikuwa nimeingia kimyakimya, mlango sikuufunga, nikakaa kwenye usukani. Kiti kilikuwa cha moto, kikinibana mapaja. Nilikuwa dereva wa bibi harusi. Nilipiga honi kwa mdomo, bila sauti. Nilizungusha usukani kidogo. Kisha, kama nilivyomwona baba akifanya mara mamia kabla ya kuondoka, nikaminya kitufe cha breki ya mkono, nikaishusha.

Haikuchukua muda wa kupepesa macho. Gari lilijongea mbele kama mtu aliyesukumwa usingizini. Nyuma yangu kitu kikateleza, chuma kikalia juu ya jiwe, na kiti kikazama. Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kuwa ni ya baba yangu. Haikuwa yowe. Ilikuwa pumzi inayotoka yote kwa mpigo.

Sasa nikwambie nilichofanya, na hapa ndipo pananiuma. Sikushuka. Sikupiga kelele. Kitu cha kwanza nilichofanya, baba yangu akiwa chini ya gari, ni kuivuta ile breki ikarudi juu, ili isijulikane.

"Koku." Sauti yake ilitoka chini ya miguu yangu, nyembamba.

"Bee, baba."

"Shuka taratibu. Usifunge mlango. Usirukeruke."

Nilishuka. Nilipoinama nikaona uso wake, na nikaona kilichomwokoa. Gari lilikuwa limeangukia lile tangi kuukuu. Tangi lilikuwa limebonyea, lakini limekataa kulala, na kati ya gari na udongo ndimo kilimobaki kifua cha baba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa, sikuviona vidole. Beseni lilikuwa limepinduka, na petroli ilikuwa inateremka na mteremko, mstari mweusi kwenye vumbi, bila haraka, ikielekea kwa jirani yetu Mama Rhobi, aliyekuwa anakaanga maandazi yake ya jioni, jiko linawaka.

Baba naye aliuona ule mstari. Aliniangalia.

"Nenda kwa Mama Rhobi. Mwambie petroli inakuja kwake. Mwambie aondoe moto. Tembea, usikimbie, usije ukaanguka."

Nilitembea. Sijawahi kutembea safari ndefu kama zile hatua ishirini, mstari ule ukitembea ubavuni mwangu. Nikafika. Nikaanza kwa "Shikamoo," maana ndivyo nilivyofundishwa, naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," huku anageuza andazi. Ndipo nikanyoosha kidole.

Mama Rhobi alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye watoto tulimcheka kwa jinsi alivyotembea polepole. Alitazama mara moja tu. Alilitua karai la mafuta chini, akafunga khanga mikononi, akalinyanyua jiko lenye makaa mekundu, akalipeleka juu ya mteremko nyuma ya nyumba, mbali na upepo, bila kudondosha kaa hata moja. Aliporudi alikuwa na sepetu. Alimwaga mchanga juu ya ule mstari, na wakati huo huo akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka ziwani.

Watu walitoka kila nyumba. Masanja alifika na magogo yake begani, akayatupa. Wanaume saba au wanane wakashika bampa, wakalinyanyua lile Pijo kwa mikono, na Mama Rhobi ndiye aliyemvuta baba kwa miguu.

"Nilikwambia nini, Mwalimu?" Masanja alisema, machozi yanamtoka. "Nilikwambia nini?"

"Jeki imeteleza," baba alisema. Alirudia tena, akiwaangalia watu wote isipokuwa mimi. "Jeki imeteleza tu."

Bibi harusi alipelekwa kanisani na gari la mtu mwingine. Baba alivunjika mkono na mbavu mbili. Mimi nilipatwa na homa ambayo mama alinitibu kama malaria, nami nikazimeza zile dawa chungu kwa furaha, kama adhabu niliyostahili.

Wiki ya tatu, Masanja alilinyoosha lile tangi kwa nyundo, wakarudi kulifunga. Safari hii kulikuwa na magogo, mawe chini ya kila tairi, na jeki mbili. Baba, mkono umefungwa hogo la plasta, alisema ataingia chini amshikie Masanja tangi kwa mkono mzima. Kisha akasema anahitaji mtu wa kukaa ndani ashikilie breki.

"Nimwite kijana mmoja pale barabarani," alisema Masanja.

"Hapana. Koku atakaa."

Nilitaka kukimbia. Baba alinifungulia mlango. "Ivute mpaka mwisho," alisema. "Usiiachie mpaka nikwambie." Akalala chini, nikaona miguu yake ikipotelea chini ya gari. Niliishika ile breki kwa mikono miwili mpaka mabega yakatetemeka. Tangi likafungwa. Alipotoka alinipangusa jasho usoni, akaenda kunawa.

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini kuwa siri ile ilikuwa yangu peke yangu. Mwaka juzi gari langu mwenyewe lilipandishwa gereji juu ya mashine ya kunyanyulia magari, na fundi akaniita chini yake anionyeshe waya uliochakaa. "Huu ni wa handbreki," akasema. Ulipita karibu kabisa na tangi, mahali ambapo uso wa mtu anayefunga tangi hukaa. Akamwambia mwenzake aliyekuwa ndani ashushe breki. Waya ukalegea mbele ya macho yangu. Akamwambia aivute. Ukakaza.

Nilishika nguzo ya ile mashine. Baba aliuona waya ule ukilegea kabla gari halijajongea. Kisha, akiwa amebanwa pale, hana pumzi, aliuona ukikazwa tena. Alijua nilichofanya, na alijua pia kwamba nilijificha.

Baba yuko hai, mzee sasa, na bado sijamwambia kwamba najua. Kila nikimtembelea nafungua mdomo, kisha namuuliza habari za migomba. Lakini nimeelewa kwa nini alikataa kijana wa barabarani aitwe. Alikuwa na mkono mmoja mzima tu, naye akaingia tena chini ya lile gari, breki akaniachia mimi.