Kimo cha Mjukuu wa Ng'ambo

Jirani yangu wa kibarazani, fundi cherehani, tulimwita Babu Pindo. Kila nguo ya mtoto aliiachia pindo kubwa, "maana mtoto hukua, kitambaa hakikui." Mimi natengeneza viatu, na maneno hayo nimeyasikia hadi masikio yameota sugu.

Mkewe alikuwa amefariki. Bintiye wa pekee alihamia ng'ambo na mumewe, akazaa huko mtoto wa kiume ambaye Babu alimjua kwa simu tu.

"Kwani huko ni mbali kiasi gani?" nilimuuliza siku moja.

"Kilomita elfu kumi na moja. Ndege mbili, na kusubiri katikati. Jumla saa kumi na tisa."

"Mbona si mbali hivyo!"

"Ndilo hilo. Suti ya bwana harusi hunichukua muda zaidi. Kama ni saa kumi na tisa tu, mbona imekuwa miaka saba?"

Nikajitia hamnazo, nikagonga kisigino ambacho nilishamaliza kukigonga.

Hatimaye binti akapiga simu: wanakuja, ila kwa siku chache tu. Babu akapania suruali ya mjukuu imkute tayari. Kuuliza vipimo aliona aibu. Babu gani asiyejua kimo cha mjukuu wake? Basi akamwomba mtoto asimame mlangoni, akamkadiria kwenye simu. Kitasa kilimfika kifuani, na fundi yeyote anajua kitasa huwekwa wapi. Akakata, akashona, akaacha pindo la vidole vinne. Akaitundika juu ya cherehani, na wateja wakakatazwa hata kuigusa.

Walifika alasiri, macho mekundu kwa safari. Mtoto akaivaa suruali palepale dukani. Ikaishia katikati ya miundi. Babu akafumua pindo lote, na bado vifundo vya miguu vilikuwa nje. Ikambidi asimulie habari ya kitasa.

"Baba jamani," binti alisema huku akicheka, "kule vitasa viko juu kuliko vya hapa. Si ungeniuliza tu?"

Na mimi nikadakia, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Babu. Na jicho la kwenye simu halipimi suruali."

Babu hakucheka. Suruali ilipovuliwa, alikaa akiitazama mapajani mwake, na nikajuta kuufungua mdomo wangu.

Kisha akachukua futi yake, akapiga magoti mbele ya mtoto. Akapima kiuno. Akapima mguu hadi kisigino. Akaupima tena mguu uleule, kisha akarudi kiunoni.

"Babu, hapo umeshapima," mtoto akasema.

"Nimesahau, mjukuu wangu. Simama vizuri."

Miaka yote ya ujirani wetu sijamwona Babu Pindo akiandika kipimo cha mtu, wala akisahau hata kimoja. Binti naye alilijua hilo tangu utotoni. Akaacha kucheka, akavuta kigoda akakaa. Babu akaanza upya, mabegani.