Gari Fupi la Fundi Droo

Baba yangu ni seremala, na mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Fundi Droo. Ukimpa kazi ya kitanda, atakuletea kitanda chenye droo miguuni. Ukimwagiza meza, itakuja na droo mbili unazoziona na ya tatu utakayoigundua mwaka unaofuata, ndani yake kipande cha msasa alichokisahau. Kuna mteja aliwekewa droo ndani ya ngazi, mama mkwe wake akajigonga nayo ikiwa wazi, kidole cha mguu kikavimba kama kiazi. Baba alipoletewa malalamiko alishangaa kweli. Alisema kosa ni la mama mkwe, kwa sababu droo ikishatumika hufungwa.

Wapo wanaume wanaosumbuliwa na pombe, wapo wanaosumbuliwa na mpira. Baba anasumbuliwa na nafasi tupu. Akiona ukuta ulio wazi anakosa raha, anaukodolea macho huku mgeni anaongea naye. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo ukitafuta soksi unafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, unakuta mwiko. Sijui wenzangu walikuwa wanajifunza nini utotoni. Mimi nilijifunza kutovuta kitu chochote chenye kishikio bila kuuliza.

Sasa nieleze jinsi mtu wa namna hiyo alivyojipatia gari la nyumba, lile ambalo kitanda, jiko na sinki vimo humohumo ndani, tena akachagua fupi.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Mimi na mume wangu tunaishi mji mwingine, mbali nao, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagonga jiko. Kabla haijatoka, Mama alikuwa amekuja kunitunza. Akalala kwenye kochi letu mpaka shingo ikagoma kugeuka, akaona anatubana, akafunga virago akarudi nyumbani. Wiki ileile ndipo mimba ikatoka. Hakuna aliyemlaumu, lakini mwenyewe alijilaumu, na Baba hakusema neno. Baba akinyamaza ujue kuna kitu anakipima kichwani. Niliposhika mimba tena, alinipigia simu akaniambia, "Safari hii tutakuwa mlangoni kwako, mwanangu. Hatuji kuwabana. Tunakuja na nyumba yetu."

Nikadhani uzee umeanza.

Yaliyotokea kwa dalali wa magari nilisimuliwa na Mama, kwa hiyo chumvi iliyomo ni yake. Palikuwa na magari mawili ya aina hiyo, refu na fupi. Refu lilikuwa na kitanda kisichokunjwa, choo chenye mlango wake, kabati la nguo la kusimama na sofa. Mama aliingia, akakaa kwenye sofa, akavua viatu. Mama akivua viatu mahali, ameshahamia.

"Hapa umefika, mama," dalali alimwambia, maana alikuwa anaijua kazi yake.

Baba alikuwa nje, amepiga magoti, anapima mkia wa gari kwa tepu. Alipomaliza aliingia ndani, akatikisa kichwa, akamshika Mama mkono na kumpeleka kwenye lile fupi. Mama aliliangalia, akalizunguka, akauliza nusu yake nyingine iko wapi. Ndani, kitanda kilikuwa ndicho meza. Choo kilikuwa nyuma ya pazia. Mahali pa kuweka vitu palikuwa kijikabati kimoja juu ya kichwa cha dereva na sanduku chini ya kiti.

"Mama watoto, ni hili," Baba alisema.

"Hili la sisi au la kuku?"

"Lile halikati kona."

Kona aliyoisema ni ya kwetu. Uchochoro wetu unaingia ukitokea barabara kubwa, halafu kuna duka ambalo ukuta wake umetokeza kama kitambi, na hapo ndipo madereva hutubu. Baba alikuwa ameshamwagiza mume wangu apime. Mume wangu ni kinyozi, mtu mwema sana, akapima kwa hatua. Kwenye simu Baba akamuuliza kwa heshima zote, "Mkwe wangu, unavaa kiatu namba ngapi?" Baada ya siku chache ikaletwa tepu kwa basi, imefungwa kwenye kitambaa kama dawa, pamoja na maelezo ya namna ya kuishika. Mume wangu akapima upya, mwenye duka ameshika ncha moja, na watu wakaanza kusema nyumba zetu zinabomolewa.

Lile refu lingebaki barabara kubwa. "Na barabarani si mlangoni," Baba alimwambia Mama. Mama akavaa viatu vyake. Hakubisha tena, kwa sababu alijua mlango gani unazungumziwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na vitu vyangu?"

Baba akatabasamu, lile tabasamu lake ninaloliogopa. "Nafasi ipo. Imelala tu. Nitaiamsha."

Akaiamsha kwelikweli. Alianza na kuta. Kuta zilipojaa makabati, akahamia kwenye mlango, akaupa mifuko ya mbao. Mlango ulipojaa, akashuka chini ya sakafu, akaweka visanduku vya kuinuliwa kwa kidole. Na alipoona bado mikono inamwasha, akajenga makabati mbele ya makabati, yenye magurudumu, ya kusogezwa. Yote bila msumari hata mmoja, maungio matupu na gundi. Ndivyo anavyofanya kazi, na ukimwonyesha msumari anauangalia kama umemwonyesha kisu.

Wakaamua wakae humo kwanza, uani kwao, wazoee kabla ya safari. Simu za Mama zikaanza.

"Nimeitafuta chumvi tangu asubuhi. Baba yako anasema iko karibu. Humu kila kitu kiko karibu, kazi ni kukifikia."

Nilimuuliza kwani tatizo ni nini. Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia. Droo ya vijiko haifunguki mpaka kabati la nguo lifungwe. Kabati la nguo halifungiki mpaka meza ikunjwe. Meza haikunjwi Baba akiwa amekaa, na Baba anapokaa ndipo anapotaka kijiko.

"Sasa mnakulaje?"

"Kwa mkono, mwanangu. Tumerudi utotoni."

Halafu kulikuwa na sheria, kwamba kila kinachoingia garini lazima kitoe kingine. Sheria ni ya Baba, na mvunjaji mkuu ni Mama. Aliingiza sufuria yake ya shughuli, ile inayoweza kumwogesha mtoto, akaifunika blanketi. Baba akaifichua.

"Hii unampikia nani?"

"Wageni."

"Wageni watakaa wapi?"

Mama akatazama huku na huku. "Kwenye droo," akasema.

Kesho yake Baba alikuta kinu kimekaa kwenye kiti cha mbele, kimefungwa mkanda. Mama akamwambia huyo ni abiria, amelipa. Walizozana hapo uani mpaka jirani akatoka kuamua, na kinu kikashushwa kwa mizengwe. Mimi nilikuwa nacheka kwenye simu mpaka mtoto ananipiga teke. Nilihitaji kicheko. Nilikuwa nimeshaupita mwezi ule ambao mimba ya kwanza ilitoka, lakini hofu yake ilikuwa haijapita. Miguu ilivimba. Daktari akaniambia nilale kwa ubavu, nisipandepande ngazi, na sisi tunakaa juu. Kila nilipozitazama ngazi zile nilikuwa nalihesabu gari la wazazi wangu kuwa ndicho kitanda changu. Nilitaka kulala karibu na Mama. Nina umri wangu na nina mume wangu, na sioni haya kulisema.

Wakaja Jumamosi, jua limeshapanda. Kwenye kona ya duka mtaa mzima ulikuwa umetoka. Baba alilala kwenye usukani, gari likazunguka, ukuta ukabaki upande mmoja na mtaro upande mwingine, hapakuguswa hata rangi. Watu wakapiga makofi. Mwenye duka akapiga kwa nguvu zaidi, maana ukuta ni wake. Baba akasimama hasa mbele ya mlango wetu, akashuka, akajinyoosha shati. Mume wangu akakimbia, "Shikamoo, Baba!" Baba akaitikia huku anapapasa ubavu wa gari kama wa ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

"Haya, ingia, mwanangu," akaniambia. "Mama yako ameshatandika."

Mama alikuwa ndani, mwisho kabisa, kwenye kitanda. Alinyoosha mikono. Nikapanda kidato, nikapita pazia, nikafika kati ya kabati la jiko na kabati jipya ambalo sikuwahi kuliona, jeupe, lenye vidroo vidogo vidogo. Hapo nikaishia. Tumbo likagota. Nikarudi nyuma kidogo, nikaenda ubavu; ikawa mbaya zaidi. Nikavuta pumzi, lakini tumbo lile si la kuvutwa ndani kwa pumzi.

"Sukuma taratibu," Baba alisema kutoka nje.

"Nisukume nini? Nimsukume mjukuu wako?"

Mtaa ukacheka. Na mimi nikaanza kucheka, halafu katikati ya kicheko nikajikuta nalia. Mama alikuwa pale, mkono wangu umeushika wake, na sikuweza kufika alipo. Naye hakuweza kutoka, maana njia nilikuwa nimeiziba mimi. Baba alikuwa amepima kona, akapima mtaro. Njia ya ndani aliipima kwa mwili wake, na yeye ni mwembamba, akigeuka ubavu humwoni. Kisha akaipima kwa Mama, akapita. Mimi alinipima kutoka kichwani, na humo kichwani mwake mimi bado ni yule msichana aliyesindikizwa naye kituo cha basi akiwa na begi mgongoni. Nilikasirika. Nilichoka na kila kabati lililowahi kutengenezwa duniani.

"Baba," nikasema, "miguu inaniuma."

Yeye na mume wangu walinivuta nyuma kwa utaratibu, wakaniketisha kwenye kidato. Baba akaomba nyundo na patasi. Mume wangu akamuuliza, kwani vyake viko wapi? Vyake, vya maisha yake yote, vilikuwa kwenye droo nzuri sana chini ya kitanda, na droo ile haifunguki mpaka Mama ashuke kitandani, na Mama hashuki mpaka anipokee. Mwenye duka akakimbia kuleta vya kwake.

"Unafanya nini?" Mama akauliza kutoka kule ndani.

"Natoa hili jeupe."

"Hilo ni la mtoto!" Mama akapiga kelele. "Umelijenga miezi!"

"Mtoto hajaja," Baba alisema. "Wangu mimi ndiye yuko mlangoni."

Akaanza kugonga. Kabati halikutikisika. Alilitengeneza lidumu mpaka mjukuu wa mjukuu, na lilikuwa limeamua kudumu. Alitia patasi kwenye maungio, maungio yakaikataa. "Nani aliyekutengeneza wewe?" alilifokea, na jasho lilikuwa linamtiririka, na watu waliokuwa wanacheka wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu mzee alikuwa analia huku anapiga. Sikuwahi kumwona Baba akivunja kazi yake. Hata kiti kibovu hukirekebisha, hakivunji. Mume wangu akavua shati akaingia kusaidia. Ubao wa kwanza uling'oka kwa mlio mkubwa, mingine ikafuata, na vidroo vidogo vikapokelewa mlangoni mikono kwa mikono na majirani, vikapangwa kando ya mtaro.

Nikapita. Nikalala kwa ubavu kama daktari alivyosema, Mama akaniwekea mkono kiunoni, nikasinzia mchana kweupe nikimsikia Baba nje akiwakatalia watu mbao zake.

Nililala humo hadi nilipojifungua. Ni wa kike, na sauti yake inafika dukani. Wazazi wangu bado wapo mlangoni, na Mama bado anaitafuta chumvi. Baba amerudia tabia yake. Juzi nimemkuta anapima chini ya ngazi zetu, akijifanya anatafuta sarafu. Lakini pale garini alipong'oa lile kabati pako vilevile, weupe wa rangi bado umebaki ukutani. Mama alimuuliza mbele yangu, mbona pale hujaweka kitu, au umeanza kuzeeka?

Baba alikuwa amembeba mjukuu. Hakuinua hata kichwa.

"Pale ni pa kupita," akasema.