Nilimtazama Mtoto Fizi, Nikamteremsha Nyika

Wewe uliyeandika hapa juzi, chini ya kisa cha yule dada mwenye mtoto mlemavu, kwamba "huyo mama ajichunguze kwao kuna nini", nyamaza. Hujui unachokisema. Mimi nilikisema kabla mama yako hajazaliwa, na mtu akafa. Na nyinyi mliocheka hapo chini yake, kaeni msome.

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, wa huku milimani Lushoto. Shule niliishia darasa la pili, lakini nimelima mteremko ambao nyinyi mkiupanda mikono mitupu mtakaa chini. Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema. Nimemkataza kufuta neno.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeolewa jirani na kwetu. Mimba tatu zilikuwa zimetoka, moja baada ya nyingine. Kaka yangu akaoa, na mkewe akashika mimba mara moja, akazaa mtoto wa kiume. Moyoni nikasema, huyu amechukua cha kwangu. Nilipomwona mtoto chuki ikazidi. Alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa, macho yamepanda pembeni, ulimi hautulii mdomoni. Akinyonya anahema.

Katika ukoo wetu shangazi ndiye hutazama fizi, jino la kwanza likitoka. Likiwa la chini, watu wanakula na kushukuru. Likiwa la juu, mtoto ni kigego, na wazee walisema kigego humaliza ukoo. Yule mtoto alipita mwaka hana hata jino moja. Siku wifi aliponiita, nikatia kidole.

"Umeona nini, wifi?"

"La juu."

"Tazama tena."

"Nina macho mawili. Umekuja na nini kwetu?"

"Nilikuja na sanduku la bati. Mlilifungua wote, mkahesabu mpaka kanga."

Jibu hilo lilinichoma, maana ni kweli tulihesabu.

Wiki hiyo hiyo balozi wa nyumba kumi alikuwa anatafuta kaya za kuteremka Mnazi, kwenye kijiji kipya. Mtu wa milimani anajua nyika ni nini. Ni joto, ni mbu, ni homa. Wenye nguvu walikuwa wanakataa. Kaka yangu alikuwa mbali, anachuma chai Bulwa. Nikamwendea balozi mwenyewe.

"Mwandike mke wa kaka."

"Mumewe hayupo, mama."

"Dada yake nipo. Andika."

Akaandika. Siku ya lori wifi alipanda na mtoto mgongoni. Akanisalimu, "Onga makeo, wifi." Sikuitikia. Mvua za vuli hazikumkuta yule mtoto. Kaka aliporudi nilimwambia mkewe alitaka kwenda mwenyewe, amemchoka. Akaniamini, akaoa mwingine. Wifi yuko Mnazi mpaka leo. Sijawahi kukanyaga huko.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wangu huyu amejifungua miezi minne iliyopita. Nilipofunua kitenge nikaona uso ule ule. Hospitali kubwa walimtoa damu mjukuu, wakamtoa baba yake ambaye ni mwanangu, kisha wakaniita mimi. Daktari ni binti mdogo. Alinipa shikamoo vizuri, akakaa chini, akasema:

"Bibi, mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Kila chembe ina nyuzi arobaini na sita, tunaziita kromosomu. Nusu ni za mama, nusu za baba. Kwako wewe, uzi mmoja wa namba ishirini na moja umegandana na uzi mwingine. Hujapungukiwa kitu, ndiyo maana u mzima. Lakini chembe inapogawanyika kutengeneza yai, nyuzi hizo huweza kugawanywa vibaya. Mtoto akipata uzi huo wa ziada, huzaliwa hivi. Mara nyingine mimba haifiki, inatoka."

Nikamuuliza, "Na meno?"

"Meno ya watoto hawa huchelewa, bibi, na hutoka bila utaratibu. La juu linaweza kutangulia. Halina maana yoyote."

"Na mwanamume anaweza kuubeba huo uzi?"

"Anaweza. Una ndugu?"

Nikasema ninaye mmoja. Hakuniuliza zaidi.

Kwa hiyo wifi hakuja na kitu. Kitu kilikuwa chetu, na huenda tumekipata kwa mama yetu, maana naye alizika mimba nyingi kuliko watoto. Nilimfukuza mtu kwa damu yangu mwenyewe. Na wajukuu ninao tisa. Wengine wanachumbia, wanacheka, hawajui uzi umelala ndani ya nani.

Kisha juzi akaja mama mkwe wa mjukuu wangu. Hajakaa vizuri, ameshatia kidole mdomoni mwa mtoto. Mtoto wa miezi minne. Akafuta mkono kwenye gauni, akasema, "Tuna shamba Mnazi. Apelekwe huko na mama yake, wakae mbali na watu." Daktari ameshasema moyo wa mtoto una tundu. Kusikia neno Mnazi nilihisi lori linawaka nje.

Nishaurini hili moja: niende kwa wifi pamoja na kaka yangu, nikaseme mbele ya wote wawili, au niende kwanza peke yangu, nimpe nafasi ya kunitemea mate?

Kuhusu mtoto siombi ushauri. Mkwe, najua utasoma, binti zako wapo kwenye ukurasa huu. Mtoto hashuki nyika. Jumatatu saa moja asubuhi uje hapa umevaa viatu vya kutembea. Tunampeleka kliniki ya moyo, na wewe ndiye utakayembeba mgongoni, kupita katikati ya soko, watu wakiona.