Njia Iliyo Ndani ya Mashine

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na nakusimulia sasa kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye chumba cha seva cha hospitali huko Shinyanga mjini. Kaa. Begi utamalizia kulipanga baadaye.

Nilikuwa binti, fundi wa kompyuta kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Baba yako, Masanja, wakati huo mchumba wangu, alikuwa fundi wa pampu chini ya ardhi. Ofisini tulikuwa na seva moja kubwa kama kabati la nguo. Tuliigawa sehemu mbili, kila sehemu ikajiendesha kama kompyuta inayojitegemea. Ya kwanza ilikuwa ya stoo ya taa za kichwani. Ya pili ilionyesha nani yuko chini. Ziliongea kwa mtandao uliokuwa humohumo ndani ya mashine, bila waya wowote: mtu akirudisha taa stoo, ile ya pili inamhesabu ametoka.

Mchana huo sehemu ya stoo ikaharibika, ikawa inatuma ovyo taarifa za zamani za taa kurudishwa. Mwenzangu Ndalahwa, kijana mwepesi wa mikono na wa mdomo, akazunguka nyuma akachomoa waya wake wa mtandao.

"Nimeshaitenga," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Tukaridhika wote, maana waya tuliuona umelala sakafuni.

Muda wa kulipua baruti ulipokaribia, skrini ikaonyesha kwamba chini hakuna mtu. Msimamizi wa baruti akapiga simu kuuliza kama aendelee. Ndalahwa, aliyeipokea, alipotaka kumjibu ndiyo, Mzee Bundala, mkuu wetu, akamshika mkono.

"Waya umechomoa. Na njia ya ndani umeifunga?"

Ndalahwa akaitazama mashine.

"Hizi sehemu mbili zinaishi kwenye sanduku moja," mzee akasema, wala hakupandisha sauti. "Waya wa nyuma ni wa kuongea na watu wa nje. Zenyewe bado zinaongea. Hiyo skrini imeambiwa na nani kwamba watu wametoka?"

Nilijua baba yako yuko zamu ile.

Mzee akaichukua simu. "Usilipue. Kaangalie ubao wa vipande, pale langoni."

Zamani hizo kila aliyeshuka alitundika kipande chake cha shaba chenye namba kwenye ubao, na akipanda anakitoa mwenyewe. Vijana tulikicheka kile kibao, tukakiona cha kizee. Tulisubiri, na mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo maneno yasiyo na mpangilio. Kisha sauti ikarudi: "Kimoja bado kinaning'inia. Ni cha Masanja wa pampu."

Nililia mbele za watu, mwanangu, na sikuona aibu. Walimfuata, akapanda, akaletwa ofisini kwetu uso mzima tope.

"Shikamoo mzee. Mbona mnanikodolea macho hivi?"

"Marahaba, baba. Nenda ukaoge."

Alipotoka, mzee akatugeukia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mkichora mchoro wa mashine hii, choreni na njia ambazo jicho halizioni. Kama hamwezi kuzichora, msiniambie mmetenga kitu."

Sasa wewe. Huko hospitali maabara na dawa vitakuwa kwenye seva moja, na vitakuwa vinaongea bila wewe kuona waya. Usikubali sehemu mbili ziunganishwe eti kwa sababu ni rahisi. Uliza kwanza hii inaiambia nini ile, na ikianza kusema uongo nani ataiziba mdomo, na kwa njia gani. Umechomoa waya? Vizuri, lakini hujamaliza. Na skrini ikikwambia mgonjwa fulani yuko salama, uliza imeambiwa na nani. Ukiona haya kuuliza, nikumbuke mimi nilivyosimama pale nikimsubiri baba yako.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akufungue macho uone hata yaliyo ndani, akupe mkubwa wa kazi mwenye moyo kama wa Mzee Bundala. Na kila mgonjwa atakayepita mikononi mwa mashine zako arudi kwao, kama alivyonirudia baba yako.