Dawa ya Uso na Maziwa ya Bibi

Watu wa mtaani kwetu Kisauni waliponiona nimeanza kuvaa ninja walinisifu. "Mashallah, binti ametulia," walimwambia mama, na mama akaitikia "Alhamdulillah" huku akinikata jicho, kwa sababu yeye alikuwa anajua. Dini ninayo, simpi mtu nafasi ya kusema sina, lakini kile kitambaa cha uso sikukivaa kwa ajili ya dini. Nilikivaa kwa ajili ya chunusi. Na usidhani nasema vile vipele viwili vitatu vya kubalehe ambavyo kila msichana huvipitia. Vyangu vilikuwa vigumu, vyekundu, vimejaa mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso, vingine vina usaha, vingine vimejificha ndani ya ngozi havitaki hata kutoka, na umri wa kubalehe nilikuwa nimeshauacha nyuma zamani. Nikiamka naupapasa uso kabla sijafumbua macho, nijue vimeota vipya wapi. Wallahi kuna asubuhi nilitamani nisingeamka.

Kisha nikaposwa.

Aliyeniposa alikuwa kazini Uarabuni, kijana wa watu wa Likoni ambao kwetu tumejuana nao tangu zamani. Mamake aliniona harusini miaka ya nyuma, wakati ngozi yangu bado ni ngozi, akaniweka moyoni. Ikatakiwa picha. Nikajipiga kwa simu, na simu za siku hizi mnazijua, zakupiga pasi uso hata kama hukuziomba. Mwanamume akaleta ujumbe kwamba ameridhika. Alipotaka tuonane kwa video nikamwambia naona haya, asubiri mpaka nikahi. Hapo sasa sifa zikazidi! Mama mkwe akawa anatangaza Likoni nzima kwamba mkwewe ana haya za kizamani. Haya gani? Nilikuwa nimejifungia chooni, simu mkononi, nalia.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Niliogopa siku atakayoniona. Atakuja na ile picha kichwani, ataletwa mbele yangu, na atajua kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Pengine aniache siku hiyo hiyo. Pengine asiniache, akae nami miaka yote akiniangalia upande, na hilo nililiogopa zaidi.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi, Nyali. Bibi tulimwambia twaenda kutazama vitambaa. Bibi yangu, mamake mama, tunaishi naye nyumba moja, na kazi yake ni usomo: yeye ndiye huwaweka ndani mabiharusi, akawasugua, akawafukiza, akawafunza, akawatoa wanang'ara. Kisauni hii wanawake waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Na kwa bibi, dawa za hospitali za kumeza muda mrefu hufunga kizazi. Alimjua mwanamke aliyemeza vidonge vya uso akakosa mtoto maisha. Ukimwuliza ni nani, atakujibu, "Wewe humjui." Basi ikabidi twende kwa hila.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole lakini mwenye haraka zake, maana nje foleni ilikuwa ndefu. Akaniuliza kama nina mimba, nikasema astaghafirullah, ndiyo kwanza naolewa. Akaniandikia kapsuli za jamii ya tetrasaiklini, antibiotiki ya kumeza kila siku. Meza na glasi nzima ya maji. Usilale hapo hapo. Usikae juani. Usimeze na maziwa. Siku ya harusi uziache, hazifai kwa mimba. Yote akayasema kwa pumzi moja.

"Nitaona mabadiliko lini?" nikamwuliza.

"Usitarajie kitu mapema. Chunusi kama hizi huchukua wiki nyingi, pengine hata miezi mitatu."

Harusi ilikuwa Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Miezi mitatu sikuwa nayo. Nikamwuliza kama naweza kumeza mara mbili yake, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali hilo kila siku, akasema hapana. Njiani kurudi nilikuwa nimeikumbatia ile karatasi ya dawa kifuani.

Haikupita muda nikawekwa ndani. Kwetu biharusi hutawishwa: hatoki, haonekani, jua halimgusi. Mimi nikafurahi moyoni, nikasema juani sikai tena, masharti ya daktari yanatimia yenyewe. Chumba changu kilikuwa kimefungwa madirisha, kinanuka udi na liwa, ule msandali wa kusaga, nami natoka jasho kutwa. Kila siku bibi alinipaka singo, ule mchanganyiko wake wa manukato wa kusugulia, mwili mzima, akanisugua mpaka ngozi ikalainika. Uso nilimwomba auache. Akanikubalia kwa shingo upande, akawa anaupaka liwa tu, huku akisema hayo ni joto la damu, yatatoka.

Na maziwa. Kila biharusi wa bibi hunywa maziwa ya moto yaliyotiwa zaafarani na iliki na asali, asubuhi na jioni, ili ngozi ing'are kutoka ndani. Huyaleta mwenyewe katika kikombe kikubwa, akasimama mbele yako na mkono kiunoni mpaka aone kitako cha kikombe.

Mimi nilijiona mwerevu. Alfajiri, bibi akiwa bado juu ya msala, nilitoa kapsuli chini ya godoro, nikaimeza kwa maji, glasi nzima, kama nilivyoambiwa. Nikakaa kitako, sikulala. Sikumeza na maziwa hata siku moja. Maziwa yalikuja baadaye, bibi akishamaliza uradi wake, nikayanywa kama mtoto mtiifu.

Wiki zikaenda. Uso haukubadilika. Uwongo, ulibadilika: ukazidi. Vilitoka vipya juu ya vya zamani, shavu la kulia likavimba nikawa siwezi kulilalia. Mama akiingia nilimsoma macho kabla hajasema lolote, naye akajifanya anatafuta kitu kabatini. Nikimwambia, "Mama, hazifanyi kazi," hunijibu, "Subiri, mwanangu, inshallah." Hiyo subiri nilikuwa nimeshaichukia. Niliomba Mungu kwa maneno ambayo haifai kumwomba, nikamwambia aniletee homa kubwa harusi iahirishwe.

Bibi naye si kipofu. Siku ya kupamba wangekuja wale wanawake wote aliowatoa, na wasichana wao, waje wamtazame mjukuu wa somo juu ya jukwaa. Akawa amepata wasiwasi, hataki kusema. Alichofanya ni kuongeza maziwa. Kikombe cha asubuhi kikawa viwili.

Hapo tumbo likakataa. Ile dawa niliimeza na tumbo tupu, na kichefuchefu nilikuwa nacho toka mwanzo, nakivumilia. Sasa hata harufu ya iliki ikipita mlangoni koo lanikaba. Asubuhi moja bibi amesimama na kikombe chake, nikapiga funda la kwanza, la pili likarudi, na yaliyokuwemo tumboni yakafuata. Mkeka wote. Bibi alipangusa, akatoka, akarudi, akafunga mlango kwa komeo.

"Mjukuu wangu."

"Abee, bibi."

"Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, damu ikanipanda kichwani.

"Bibi!"

"Nijibu. Watapika asubuhi. Maziwa huyataki. Uso umekuharibika. Ninyi mwaniona mimi mzee sina macho? Mabiharusi wangapi wamepita mlango huu? Niambie sasa hivi, kabla sijasimama mbele za watu nikaapa jambo nisilolijua."

Mama alikuwa amesikia, akawa anagonga mlango, "Mama, fungua, mama, tafadhali." Bibi akafungua. Mama akaingia, akasimama baina yetu, na huyo mama aliyenipeleka Nyali kwa miguu yake mwenyewe akaona aibu ya kusema mbele ya mamake. Nilimngoja aseme, akashika kupangusa mkeka ambao bibi alishaupangusa. Nikainua godoro, nikazikusanya zile karatasi za vidonge zote, zilizokwisha na zenye vidonge bado, nikazitupa mapajani mwa bibi.

"Hii hapa mimba yangu," nikamwambia. "Ishike!"

Bibi alizigeuza geuza. Mama akaanza kueleza, hapo ndipo ulimi ulipomfunguka, na bibi akamnyamazisha kwa mkono. Akataka kumsikia daktari mwenyewe. Sasa hivi, si kesho. Nikapiga simu, nikaiweka sauti ya juu.

Bibi akauliza la kizazi kwanza, na daktari akasema hapana, dawa hii haifungi kizazi. Bibi akashusha pumzi nikaisikia. Akasema kichefuchefu ni kawaida, nile kitu chepesi kwanza. Kisha akauliza, "Na maziwa humezi nayo, sivyo?"

"Simezi nayo, daktari. Nameza na maji. Maziwa nanywa baadaye."

"Baadaye kiasi gani?"

Bibi ndiye aliyejibu, tena kwa fahari, akainama kwenye simu kama vile daktari yumo ndani yake. "Hapo hapo, mwanangu. Mimi nikitoka kwenye msala tu. Vikombe viwili vikubwa. Na jioni chengine."

Daktari akasema polepole, mara ile hakuwa na haraka, kwamba maziwa huishika dawa hii tumboni, haiingii kwenye damu inavyotakiwa. Si kumeza na maziwa tu, hata kuyanywa karibu na dawa. Angetakiwa kunifafanulia, akasema. Yapite masaa kabla na masaa baada.

Basi wiki zote zile nilizokaa gizani natoka jasho, nalia, nahesabu siku, dawa ilikuwa inaingia na kutoka, na aliyekuwa ananiosha dawa tumboni ni bibi yangu kwa mikono yake, kwa mapenzi yake, na asali juu. Nilipiga ukelele jirani wakaja uani kuuliza kuna nini. Nilimwambia bibi ameniua. Alikichukua kikombe chake akaenda nacho jikoni, na siku ya pili akaniletea glasi ya maji na kipande cha mkate, akakaa nami kitandani mpaka muda upite, asije mjukuu wake akalala.

Lakini siku zilikuwa zimekwisha. Vipya vilipungua, hilo nalikubali, na shavu likaanza kushuka. Vya zamani vikabaki pale pale, hasa kwenye paji la uso, vigumu kama kokwa. Nilimwomba mama asogeze harusi mbele. "Kadi zimeshatoka, ukumbi umeshalipiwa, bwana harusi mwenyewe ameshatua. Niwaambie watu nini?" Nikaandika ujumbe kwa mwanamume, mimi si yule uliyemwona pichani. Nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta tena, mpaka mama akaninyang'anya simu.

Nikahi ikafungwa msikitini alasiri, sisi wanawake tukiwa ukumbini. Mpambaji alinifanyia kazi tangu adhuhuri. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na kila anapobonyeza kile kisponji nasikia moto, machozi yajaa, naye aniambia, "Usilie, utaniharibia." Alipomaliza akaniinulia kioo. Nilimwona mwanamke mzuri, amepakwa, sura yake kama ya kwenye simu. Sikufarijika hata chembe. Nilijua kitakachofuata.

Kwetu bwana harusi akishaoa huletwa kwa mkewe kumpa mkono. Huja na wazee wake, wanawake wajifunike, akamshika mkewe mkono, kisha akamwekea kitanga cha mkono wa kulia juu ya paji la uso akamsomea dua. Poda yaweza kuyadanganya macho ya ukumbi mzima. Kitanga cha mkono hakidanganyiki.

Nikasikia vigelegele mlangoni. Nikainamisha macho. Bibi alikuwa ubavuni pangu, akanibana bega. Nikaona viatu, kanzu, nikasikia harufu ya manukato nisiyoijua. Akanishika mkono. Kisha akaweka kile kitanga juu ya paji la uso, barabara juu ya kipele kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, na maumivu yakanipita mpaka kisogoni. Nikashtuka. Nikauma mdomo nisipige kelele.

Mkono ukasimama. Alikuwa ameshaanza dua, na dua ikakatika. Nikasema moyoni, haya, amejua. Nikangoja aondoe mkono wake ajifute.

Aliuinua kidogo tu, ukawa wagusa nywele, haugusi ngozi. Akaanza dua upya, akaisoma mpaka mwisho. Akainama sikioni mwangu, na wanawake wakazidisha vigelegele wakidhani ananiambia neno la mapenzi.

"Yauma?" akaniuliza.

Uso huu ulitazamwa na mama, ukatazamwa na bibi, na daktari, na mpambaji, na kila mmoja aliniuliza utakuwa umepoa siku gani. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza lengine.

"Yauma," nikamjibu. "Yauma sana." Nikalia mbele ya watu wote wale, poda ya mpambaji ikachuruzika mpaka shingoni, nisinyanyue mkono kuifuta.